Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Moshi: muhuri usigongwe kabla mzee hajasikilizwa peke yake

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima. Nina steshenari hapa Moshi mjini: fotokopi moja, kompyuta mbili, na moja kati ya hizo ni mbovu. Nachapa barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, na mikataba ya mauziano ya viwanja na vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Kwa hiyo haya ninayokuandikia sikusimuliwa. Nimeyachapa kwa mikono yangu.

Mwaka jana, wakati wa mvua za vuli kama sasa, aliingia kijana na bibi yake. Nikamwamkia bibi, kijana akaniambia, "Hasikii vizuri." Nikamuuliza bibi majina yake matatu, akayataja kijana. Mkataba ulikuwa wa kuuza nusu ya kihamba. Nakala tatu, shilingi 3,000.

Kazi ikawa kwenye dole gumba. Halikutoa alama. Miaka yote ya kuchuma kahawa na kupalilia migomba ilikuwa imelisugua likawa laini kama mgongo wa kijiko. Kijana akalishika mwenyewe, akalikandamiza kwenye pedi ya wino mara tatu, mara nne. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kichaga kama hiyo ndiyo karatasi ya dawa za macho. Nilimsikia vizuri, na nilimwelewa. Kijana akacheka, na mimi nikacheka.

Jioni yule kijana alirudi kutoa kopi, muhuri wa kijiji ukiwa tayari umegongwa. Krismasi ilipofika, watoto wa bibi walipanda kutoka Dar es Salaam wakakuta masale, ile mimea inayoonyesha mpaka, yameng'olewa, na tofali za mtu wasiyemjua zimepangwa katikati ya migomba, hatua chache kutoka kaburi la baba yao.

Mheshimiwa, tukisikia ukatili dhidi ya wazee, mawazo yetu huenda kwenye kipigo. Kipigo kipo, na wanaouguza wazee wanaijua ile "alianguka bafuni" inayorudi kila mwezi. Lakini huku kwetu ukatili mwingi unakuja umevaa vizuri, umebeba karatasi. Mzee haachwi dakika moja azungumze peke yake. Simu yake anapokea mtu mwingine. Jumuiya ya kanisa ikija kusali kwake inaambiwa kalala. Pensheni inaingia kila mwezi ila dukani anakopa sukari, kwa sababu kadi ya benki na namba ya siri viko kwa mjukuu. Au hela ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inapokelewa kwa jina lake na yeye hajui hata siku ya malipo.

Watu wengi wanadhani haya hayana sheria kwa kuwa ni ya ndani ya ukoo. Zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, lakini sera haimfungi mtu. Kanuni ya Adhabu ndiyo inayofunga: shambulio ni kosa, wizi ni kosa, na sijaona kifungu kinachosema mtoto wa kuzaa haibi kwa mama yake. Na mkataba ule niliouchapa mimi unaweza kubatilishwa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba kinazungumzia ushawishi usio halali, na kinamtaja kabisa mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri au maradhi. Mgogoro wa ardhi unaanzia kwenye usuluhishi Baraza la Kata. Wakishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, ila kwa mtu wa miaka 80 usimwambie habari ya miaka 12. Na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila kulipa. Bibi yule hakuna aliyemwambia hilo. Binti yake alipokwenda kituoni aliambiwa hayo ni mambo ya familia, wakayamalize nyumbani. Nyumbani kwa nani, wakati nyumbani ndiko kulikouzwa?

Siombi jengo wala semina. Naomba agizo lako, lifike kwa watendaji wote, wa vijijini na wa manispaa: mzee wa miaka 60 na zaidi akiletwa kuuza au kugawa ardhi, asikilizwe peke yake kwanza. Aliyemleta akae nje. Mkataba asomewe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, na aulizwe maswali mawili tu: unauza nini, na hela inakwenda wapi? Muhuri usubiri hata wiki moja, majirani wa mpakani wajulishwe. Najua utaambiwa watendaji wana kazi nyingi. Kugonga huwa hawachelewi.

Polisi nao, kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, waambiwe malalamiko ya mzee yaandikwe kitabuni kama ya mtu mwingine yeyote, na akiwa ameumizwa apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kabla ya kuulizwa ukoo wake.

Mimi kwa upande wangu nimeanza. Juzi alikuja mwingine, anataka bei ya kuchapa mkataba wa kihamba cha babu yake, ana haraka kabla ndugu hawajapanda Krismasi. Nikamwambia amlete babu, nami nitazungumza naye peke yangu, yeye asubiri kwenye benchi la nje. Akasema sawa, anamfuata.

Hajarudi. Steshenari ziko nyingi hapa mjini.

Wako,
Mchapaji, Moshi