Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Semina, vikao vya kamati na maadhimisho ya Siku ya Usalama wa Mgonjwa, Septemba 17, vilifanyika kama mnavyojua, sitavirudia. Hesabu atazisoma mweka hazina, nazo ni fupi kwa kuwa ada hazilipwi.

Nije kwenye kipeperushi chetu kuhusu makosa ya kitabibu. Nimelaumiwa sana, tena na wengine ambao mwaka mzima hawajaonekana kikaoni, kwa kuondoa ile sentensi isemayo makosa ya kitabibu ni ya tatu kwa kusababisha vifo. Niliiondoa, na ningeiondoa tena. Ni makadirio ya Marekani yaliyochapishwa 2016: vifo zaidi ya 250,000 kwa mwaka. Yalitokana na tafiti chache zilizotangulia, zenye vifo vichache, vikazidishwa kwa wagonjwa wote wanaolazwa nchini humo. Hospitali za huko zilikuwa na vifo kama 700,000 kwa mwaka. Je, zaidi ya kimoja katika kila vitatu ni kosa? Makadirio ya huko ya 1999 yalikuwa vifo kati ya 44,000 na 98,000 kwa mwaka, na hayo pia yalibishaniwa. Kila mtafiti alikuwa na lake alilohesabu kuwa kosa.

Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Mgonjwa asiyejulikana kuwa na mzio akichomwa penisilini akavimba, hayo ni madhara, si kosa. Kadi ikiwa imeandikwa mzio na bado akachomwa, ni kosa. Mfamasia akiligundua kabla ya sindano, kosa lipo, madhara hayapo, na jamaa huenda wasijue kamwe.

Tena wengi wakisikia "kosa" wanaelewa "uzembe", wanataka mtu afukuzwe. Daktari kaandika miligramu 1.0, nukta haionekani vizuri, nesi kasoma 10: dozi mara kumi. Mfukuze nesi, ile sifuri itamsubiri mwenzake wa zamu ijayo. Iandikwe 1, basi. Potasiamu kloraidi kali nayo, dawa ya kuongeza madini ya potasiamu mwilini, kichupa chake kikifanana na cha maji ya kuyeyushia dawa, ikiingia mshipani bila kuzimuliwa husimamisha moyo. Ndiyo maana huondolewa kwenye kabati za wodi ikatunzwa famasi. Bango la kuhimiza umakini halifanyi kazi hiyo.

Mifano hii imo katika kipeperushi kipya, ambacho niliishia kukiandika peke yangu baada ya kamati ndogo kutofikisha akidi mara mbili.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kukisambaza zaidi, pengine hata redioni. Wanaodaiwa ada wamwone mweka hazina kabla ya chai.