Ramani ya jirani, joto lako

"Ramani yenu ni mbovu." Ndivyo alivyoanza kaka mmoja wa Madale alipotupigia sisi wachoraji wa ramani za nyumba, hata salamu hakutoa. Tukamuuliza tulimchorea lini, maana jina lake halikuwamo kwenye daftari la kazi. Akajibu kwamba yeye hatukumchorea, tulimchorea jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Yeye aliiomba tu ile ramani, akaipiga picha, akampa fundi yuleyule, kwa tofali zilezile za inchi sita na bati lilelile la geji 28. Jirani usiku anajifunika shuka. Yeye analala sebuleni kwenye kapeti, feni mbili zimemwelekea, na watoto wanaamka na vipele vya joto. Akataka tumwambie ni kitu gani tulimfanyia mwenzake tukakificha.

Hatukuficha kitu, na kaka hajawahi kutulipa hata shilingi. Lakini lawama hii hutufikia kwa sura nyingi: ramani ya shemeji, ramani ya WhatsApp ya elfu thelathini, picha ya nyumba ya Afrika Kusini iliyotolewa Pinterest. Na huambatana na lawama ya pili, kwamba sisi ni ghali, eti tunatoza "kuja kuangalia kiwanja" mara mbili kabla hatujachora hata mstari. Tuzijibu zote hapa, ili siku nyingine tukitumiana ujumbe tuongelee nyumba yako.

Nyumba ya jirani wa Madale inatazama barabara, na barabara iko magharibi yake. Vyumba vya kulala vyote vitatu tuliviweka nyuma, mashariki. Jua la asubuhi linaupiga ukuta wa vyumba hivyo wakati watu wako kazini na shuleni, kisha linapanda juu na kuuacha. Ikifika saa mbili usiku ukuta umepoa zamani. Kaka yuko upande wa pili wa barabara, naye alitaka sebule itazame barabara kama ya mwenzake, kwa hiyo nyumba nzima imegeuka na vyumba vya kulala vimekwenda magharibi. Ukuta unapigwa jua tangu saa nane mchana mpaka linazama. Tofali la saruji halipoi papo hapo. Linakaa na moto wake kama chungu kilichoepuliwa, na joto linaingia chumbani polepole saa mbili, saa tatu, saa nne, muda uleule anaopanda kitandani. Feni haina la kufanya hapo zaidi ya kuzungusha joto lililomo.

Jiko nalo limehama. Kwa jirani tuliliweka pembe ya kusini-magharibi kwa makusudi. Kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, hutoka kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto Dar, madirisha yote yako wazi. Upepo unaingilia vyumbani, unapita sebuleni, unatokea jikoni na kuondoka na moshi. Kwa kaka jiko limeangukia kaskazini-mashariki. Upepo unaanzia kwenye sufuria. Akikaanga samaki, mapazia ya chumbani yananuka samaki.

Kwa hiyo ndiyo, tunatoza kuja saiti mara mbili. Mara ya kwanza tunakuja asubuhi, ya pili saa kumi jioni, kwa sababu kiwanja cha asubuhi na cha jioni ni viwanja viwili. Tunaangalia jua linapoelekea, ghorofa ya jirani inatupa kivuli wapi, upepo unazibwa na ukuta wa nani, maji ya mvua yanatoka wapi yanakwenda wapi, na baa iko umbali gani kutoka dirisha la watoto. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua linakuwa limelalia kaskazini kwa nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linalalia kusini kwa nyuzi kama 17. Maana yake ukuta wa kaskazini na wa kusini unaweza kulindwa na paa tu, likitokeza nje vya kutosha. Mashariki na magharibi jua linakuja chini chini, linaingia mpaka kitandani, na hakuna paa litakalolizuia. Ndiyo maana tunapenda nyumba ndefu inyooke mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi tupange stoo, vyoo, ngazi, vitu visivyolala. Kiwanja kikikataa, tunatafuta njia nyingine, na kuitafuta ndiyo kazi yenyewe unayoilipia.

Kaka aliuliza kama afunge kiyoyozi. Anaweza. Dada mmoja wa Tabata, nyumba yake nayo ya kunakili, alifunga cha BTU 12,000 chumbani kwake, watoto wakalalamika, akafunga cha pili. Mashine ya kawaida ya saizi hiyo, isiyo inveta, inakula karibu uniti moja kwa saa kompresa ikiwa kazini, na kwenye chumba cha ukuta wa magharibi kompresa haipumziki mpaka usiku wa manane. Siku hizi akinunua umeme wa LUKU anatutumia picha ya risiti bila maneno. Kaka tulimshauri aezeke kibaraza kirefu ukuta wote wa magharibi, jua la mchana lisiuguse ukuta, na apande miti mbele yake ya kuzuia lile la jioni linalokuja chini chini. Makadirio ya kibaraza yalizidi bei ya ramani yetu zaidi ya mara mbili, na bado jiko liko palepale.

Madirisha ni ugomvi mwingine. Dirisha la alumini la kusukuma lenye vioo viwili, hata ulifungue lote, linafunguka nusu tu, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Umejenga uwazi wa mita moja na nusu, umepata hewa ya sentimita 75, kisha wavu wa mbu unapunguza tena. Yale madirisha ya zamani ya vioo vya kukunja kwa mkono wa chuma, tunayoyacheka kwamba ni ya nyumba za serikali, yalikuwa yanafunguka karibu yote. Hatusemi uyarudie, wezi tunawajua. Tunasema ukitaka ya kusukuma, tuyaongeze upana, na chumba kiwe na dirisha kwenye kuta mbili. Hapo ndipo mteja anapotukatalia, kwa sababu ukuta wa pili ameshaupa choo cha masta.

Halafu kuna mafundi wanaopunguza kozi, yaani mistari ya tofali. Mwenye nyumba hayupo, tofali zimepungua, fundi anafunga lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, mapema. Kozi moja ya tofali pamoja na udongo wake ni karibu sentimita 25. Kwenye karatasi ni hesabu ndogo, lakini dari ikishuka hivyo chini ya bati la moto, unalisikia joto utosini ukiwa umekaa. Ndiyo sababu tunaweka kwenye mkataba kupima urefu kabla ya mkanda kumwagwa, na ndiyo sababu baadhi ya mafundi hawatupendi.

Na sasa paa la kuficha. Kila mtu anataka nyumba isiyoonyesha bati, na tunazichora, hatukatai kazi. Lakini elewa unachonunua. Paa halitokezi nje, kwa hiyo ukuta unaloa kila mvua ya masika na dirisha lazima lifungwe, yaani siku ya mvua na joto unakaa umejifungia. Bati limelazwa chini sana, maji yanategemea gata ya ndani, na jani moja la mwembe kwenye bomba linatosha kuyashusha kwenye dari ya jipsamu. Kwa mzee mmoja wa Bunju dari ya sebule ilianguka juu ya meza ya chakula, bahati nzuri watu walikuwa msikitini. Ramani aliipata mtandaoni, imechorwa kwa nchi ambayo mvua yake hatuijui. Mzee Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, aliliwekea paa la miavuli ya zege inayopokea mvua na kuitelemsha chini, huku hewa ikipita kwenye soko lililojaa watu. Alianza na mvua na joto la hapa, sura ikafuata. Sisi si Amuli, ila huo mpangilio tunaufuata hata kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Wateja wengine wanachukia maswali yetu kuliko bei. "Mnachora nyumba au mnatuchunguza?" Tunauliza nani anaamka wa kwanza, msaidizi wa kazi analala wapi, mnapikia gesi au mkaa siku za maharage, nguo zinaanikwa wapi, wageni wa mkoani wakija wanalala wangapi. Kila mteja anatuambia anapika kwa gesi. Tukirudi baada ya mwaka tunakuta jiko la mkaa uani, limeezekewa kwa kipande cha turubai, na mama amekaa kwenye kigoda juani, huku jiko la kabati za kung'aa likitumika kuchemshia chai ya wageni. Basi siku hizi tunachora jiko la nje tangu mwanzo, lenye paa, karo na mlango unaoelekea lilipo jiko la ndani. Wanaume husema ni gharama ya bure. Wake zao husaini.

Tunauliza pia kuhusu wazazi. Mlango wa choo wa sentimita 70, ukitoa fremu na unene wa mlango wenyewe, unabaki na sitini na kitu. Kiti cha magurudumu hakipiti. Familia moja ya Kibaha ilimleta mama yao kutoka kijijini baada ya kupooza, ikawa kila safari ya chooni anabebwa na kijana wake wa kiume. Mama yule alikuwa anakataa kunywa maji mchana ili asibebwe. Mlango wa sentimita 90 bei yake inazidi ya ule mwembamba kwa kiasi usichokikumbuka ukishahamia. Kuvunja ukuta wenye vigae na mabomba, hicho utakikumbuka.

Swali gumu zaidi tunaliuliza kwa upole, tukishazoeana: kukitokea msiba, watu watakaa wapi, na jeneza litapita wapi? Kuna korido zimepindwa kwa ajili ya kuokoa nusu mita ya sebule, na kwenye nyumba moja ya huku kwetu waombolezaji walilazimika kulisimamisha jeneza wima pale kwenye kona. Ndugu walioshuhudia hawajalisahau. Hakuna anayejenga akifikiria hivyo, ndiyo maana tunafikiria sisi kwa niaba yake.

Ngazi kwa kifupi: hatua ya kukanyaga sentimita 28 hadi 30, kimo cha kupanda 15 hadi 17, na zote zilingane. Fundi asiyepiga hesabu kabla anamalizia na hatua fupi juu, na mguu unaozoea kimo kimoja unajikwaa hapohapo kila siku. Usikubali "tutaisawazisha na vigae".

Si kwamba mbinu hizi tumezitunga sisi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, una kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja inaitilia nyingine kivuli. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana zaidi, watu wakapanga maisha kwa urefu. Na mbele ya nyumba kuna baraza, mgeni anakaa, anakunywa kahawa, habari zinaisha, na ndani hajaingia. Mteja wetu mmoja mzaliwa wa Unguja alitaka baraza la namna hiyo kwenye nyumba yake ya Kigamboni. Shemeji zake walimcheka kwamba anajenga kijiwe. Tulipopita Ramadhani, saa za jioni, shemeji wote walikuwa wamekaa hapo, na sebule ya sofa za ngozi ilikuwa imefungwa na ufunguo.

Bei, basi. Ramani ya nyumba ya chini ya vyumba vitatu kwetu inaanzia laki nane. Ndani yake kuna safari mbili za kiwanjani, kikao na watu wote watakaoishi humo (si baba peke yake), michoro ya kibali iliyopitiwa na kugongwa mhuri na mbunifu aliyesajiliwa, na safari mbili za kukagua wakati wa ujenzi: siku ya kupima msingi, na kabla ya mkanda. Hatupunguzi kwa kuondoa safari. Ukiomba punguzo, tutakupa muda wa kulipa, kwa awamu tatu.

Aliyekwisha kununua ramani kwingine asione haya kuileta. Tunaikagua kwa elfu themanini, tunakuja na dira kiwanjani, na mara nyingi kinachotakiwa ni kuigeuza, kuhamisha jiko na kupanua madirisha mawili. Ije kabla msingi haujachimbwa. Jamvi, yaani zege la sakafu, likishamwagwa, vyumba vimeshakaa, na kazi hiyo tunaihesabu kwa bei ya marekebisho, pamoja na siku za fundi wa kuvunja.