Mwanangu, mwache mkeo aende kazini

Mwanangu,

Ukumbi nimesikia umeshalipiwa, mashallah. Ila dada yako kaniambia na jambo jingine: eti umemtaka mchumba wako aache uuguzi mkishaoana, kwa kuwa mke wa mtu kurudi asubuhi kutoka zamu ya usiku si heshima. Kweli umesema hivyo, baba? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Dada yako alinionyesha filamu ya Kihindi, si zile za kuimba na kukimbizana bustanini. Inaitwa The Great Indian Kitchen, ya Jeo Baby, imetoka 2021. Ni ya kule Kerala, wanazungumza Kimalayalam, yeye akinisomea maandishi ya chini. Binti kaolewa na mwalimu, nyumba ya watu wenye hadhi zao. Baba mkwe mpole, sauti haipandi. Lakini wali wake upikwe kwa kuni, chatne isagwe kwa mkono, nguo zake zisitiwe kwenye mashine, na mswaki aletewe. Wanaume wakila mlonge makapi wanayaacha mezani, kisha wanawake ndio wanakaa kula palepale. Siku wametoka kula hotelini, binti akamtania mumewe kwamba kumbe adabu ya mezani anaijua. Bwana akanuna mpaka akaombwa radhi.

Binti alitaka kuomba kazi ya kufundisha kucheza ngoma za kwao. Mzee, kwa upole wake uleule, akasema mwanamke akikaa nyumbani ndiyo neema ya nyumba. Kofi sikuliona, na ndicho kilichonitisha, maana najua wewe hutampiga mtu. Mama mkwe kwenye simu akamwambia tuma maombi, ila usiseme mimi nimekuambia.

Mimi sinong'oni. Mwache aende kazini.

Dada yako anasema filamu hiyo kampuni kubwa za mtandaoni ziliikataa mwanzo, ikatokea kwenye kampuni ndogo, baadaye Kerala wenyewe wakaipa tuzo ya filamu bora ya mwaka. Mwisho binti anawamwagia baba na mwana maji machafu ya sinki, anaondoka zake. Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe. Bwana kaoa mwingine, mambo yaleyale.

Wewe ni mtoto mwema. Ulivyomuuguza marehemu baba yako mtaa mzima unakusifu mpaka leo. Lakini yule muuguzi aliyekuwa akimgeuza kitandani saa tisa usiku alikuwa mke wa mtu, na wewe ndiye uliyemshika mkono ukamwita dada. Heshima yake ilikuwa imepungua wapi?

Na chai ujifunze kupika. Usije ukaniambia mama ndiye aliyekuwa akikufukuza jikoni, hayo tutayazungumza ukija.

Mahari usiicheleweshe, wazee wa kule wameanza kuuliza. Mjomba wako kanenepa, kanzu haimwingii, mtafutie nyingine Kariakoo. Mchele wa pilau nataka wa Kyela, ule uliotuma mara ya mwisho unagandana. Gesi imeisha, napikia mkaa, na mkaa nao umepanda bei.

Ijumaa nitampigia mchumba wako, nimuulize umemwambia nini kuhusu kazi yake. Umwambie kabla sijampigia.

Mama yako