Watoto wa samaki mkunga wamekwama kwenye kalvati

Mhariri,

Masika haya, baada ya isha, nilimulika tochi chini ya kalvati la barabara inayokata bonde letu la mpunga. Ukutani wamejibandika watoto wa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, urefu wa kidole, miili kama kioo, macho meusi tu ndiyo yanayoonekana. Wanapanda, wanaanguka. Wanapanda tena. Mdomo wa kalvati umening'inia dhiraa nzima juu ya maji.

Samaki huyu huzaliwa bahari kuu, hukulia mtoni miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Ulaya, ambako mabwawa na uvuvi ni miongoni mwa sababu, watoto wa mkunga wanaoingia mitoni wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Tusifike huko!

Nawaomba wahusika watandaze kamba nene za makumbi kutoka mdomo wa kalvati hadi majini. Viumbe hawa hupanda penye unyevu na mkwaruzo. Juu iwekwe ndoo ya kuwanasa, wahesabiwe, waachiwe waendelee. Makumbi tunayo, na kuhesabu tutahesabu wenyewe.

Mkulima wa mpunga,
Wete, Pemba