Jahazi halitambai, huambaa

Kwako Mhariri,

Wiki jana ukurasa wenu wa safari ulitueleza jahazi lililotoka Lamu "likitambaa kando ya pwani" hadi Mombasa. Mhariri, jahazi halitambai. Hutambaa mtoto, nyoka na mmung'unye. Chombo huambaa, yaani hufuatana na nchi kavu, karibu kiasi cha nahodha kuiona mikoko na minara ya misikiti, lakini hakigusi.

Huko kutogusa ndiko kulikobeba neno lenyewe. Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi ya boriti. Kaskazi ikivuma walishuka Mombasa, na akirudi akatuambia "tuliambaa," tulijua mawili: hawakukata bahari kuu, na hawakulala. Anayeambaa hana nafasi ya kusinzia. Mwamba uko ubavuni. Tukicheza vichochoroni alitukemea kwa neno hilo hilo: ambaa na ukuta, punda anapita!

Kitenzi hiki ndicho kilichozaa mwambao. Wako wanaolitoa neno hilo kwenye "mwamba", kwa kuwa sikioni yanafanana. Mimi sikubali. Mwamba ni jiwe, limekaa mahali pake. Mwambao ni ukanda mzima ambao chombo huupita kikiambaa. Waliodai Mwambao ujitawale mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa na maana ya ukanda, ule wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, uliotiwa ndani ya Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963. Hakuna aliyekuwa akidai jiwe. (Na pwani nayo ni mtoto wa kitenzi: ni mahali maji yanapokupwa.) Ndiyo maana hunichoma nikisoma "mwambao wa Mto Nairobi". Mto una ukingo.

Pengine mwandishi wenu hana kosa, kosa ni la kompyuta. Simu yangu kila nikiandika "ambaa" huligeuza "ambao", nikilirudisha hunigeuzia tena. Nimegombana nayo mara tatu katika barua hii.

Mtasema Nairobi haina bahari, neno hili tulipeleke wapi. Nendeni River Road mvua ikishika. Watu wote huambaa na kuta za maduka, bega karibu na ukuta, mguu ukikwepa mfereji, mpaka stendi ya matatu. Mwandishi atazunguka: "walitembea wakijikaribiza na majengo ili wasilowe". Walikuwa wakiambaa, basi.

Naomba toleo lijalo jahazi lirudishiwe kitenzi chake. Halafu chombo kilicho pichani si jahazi, ni mashua. Hilo nitaliandikia barua yake.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Pumwani,
Nairobi