Daftari limo ndani ya kifurushi

Kigoma, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Habari za Kalemie? Sisi huku hatujambo. Kile kitabu nilichokuahidi kinakuja kwa boti wiki hii. Ni cha Adam Hochschild, kilitoka 1998, kinahusu Kongo yenu chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Najua umezoea Kifaransa, kwa hiyo maneno magumu ya Kiingereza nimekuandikia Kiswahili chake pembeni kwa penseli.

Tazama pale bandarini Antwerp. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, anaona meli zinatoka Kongo zimesheheni mpira na pembe za ndovu. Zinaporudi hazina bidhaa za kuwalipia wenyeji, zimejaa askari, bunduki na risasi. Akapiga hesabu akaelewa kwamba mpira ule haununuliwi, watu wanautoa kwa mtutu. Na Leopold aliyeimiliki nchi nzima tangu 1885 hadi 1908 hakuwahi hata kuikanyaga.

Ukifika kwenye picha ya Nsala, pumzika kwanza. Aliipiga mmisionari Alice Harris mwaka 1904. Baba wa watu amekaa barazani, anakitazama kiganja na mguu wa binti yake mdogo. Ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Mimi nilifunga kitabu nikaenda kumtazama mwanangu alivyolala.

Sauti za Wakongo wenyewe humo ni chache, na mwandishi anakiri. Halafu yupo Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe kutoka Zanzibar. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold pale Stanley Falls, Kisangani ya leo. Watu wa pwani yetu nao wamo, dada, tusijifiche.

Kitabu chake kingine, cha 1994, bado nakisoma. Kinahusu Warusi wanavyomkumbuka Stalin. Kule Kolpashevo, Siberia, mto Ob ulikula ukingo wake mwaka 1979, zikaanza kuonekana maiti za watu waliopigwa risasi enzi zake. Wakubwa hawakuwazika. Walileta boti, wakazielekeza panga boi zake ukingoni, udongo ukabomoka, maiti zikachukuliwa na maji. Nikakumbuka Brussels, Agosti 1908: kabla ya kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, Leopold alichoma nyaraka zake, na matanuri yakawaka siku nane. Usiku ule sikulala vizuri. Kumbe kuua hakuwatoshi, hata habari ya kwamba mtu aliishi nayo lazima ifutwe.

Bibi yako bado ana kumbukumbu nzuri, nilimsikia mwenyewe mwaka jana. Nakuomba kaa naye jioni, umwandike aliyosikia kwa wazee wake, kwa maneno yake, hata akirudia rudia. Usimkatishe. Daftari la kurasa mia mbili nimelitia ndani ya kifurushi hichohicho, na kalamu mbili.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako