Risala ya Vijana Wanaotumia Dawa za Kufubaza VVU kwa Mgeni Rasmi, Siku ya UKIMWI Duniani, Tandahimba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wahudumu wa afya, wazazi na walezi wetu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya kikundi chetu tunakushukuru kwa kuungana nasi leo, 1 Desemba, siku ambayo kila mwaka hutukuta katikati ya msimu, macho ya wilaya nzima yakiwa kwenye minada ya korosho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu mwaka 2016 nchi yetu humwanzishia dawa kila anayegundulika kuwa na VVU, na mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Mlango wa kuingilia uko wazi. Sisi tumekuja kuwasemea wanaotokea mlango wa nyuma.

Kijana akipitisha tarehe ya kliniki huitwa mtoro. Kwa heshima, tunaomba tueleze mtoro huyo huwa wapi. Kuanzia Oktoba yuko shambani akiokota korosho na bibi yake. Mwingine yuko dago, kambini kwa wavuvi, anavua. Mdogo wao yuko jandoni, na hakuna aliyeulizwa dawa zake zimekwenda na nani. Wengine wako bweni. Tunaye mwenzetu aliyekuwa akijaza pamba kwenye kopo la dawa ili vidonge visigonge anapobeba begi. Alikuwa akisubiri taa zizimwe ndipo ameze, na usiku ambao wenzake walichelewa kulala, hakumeza. Muhula ulipokwisha, virusi ambavyo vilikuwa havigunduliki, yaani vichache mno hata kipimo hakivioni, vilikuwa vimepanda. Kilichomwokoa ni mwalimu mmoja aliyekubali kumtunzia kopo hilo ofisini, naye akawa anapita hapo saa 3 usiku kama mtu aliyefuata daftari.

Yupo pia aliyekua akiambiwa kwamba anameza dawa za kifua. Alipofika miaka 14, kifua kikiwa hakimsumbui, akaziacha, na sisi hatuoni alikosea wapi. Bibi yake alinyamaza kwa kuogopa swali ambalo lingefuata, kwa kuwa mama wa kulijibu alikwishafariki. Wataalamu wanashauri mtoto aanze kuelezwa kidogo kidogo akiwa bado shule ya msingi. Tunaomba wahudumu wakae pamoja na walezi katika mazungumzo hayo, maana bibi peke yake hayawezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba Jumamosi moja kila mwezi iwe kliniki ya vijana, ili mwanafunzi asilazimike kuaga darasani na kutunga uongo. Tunaomba pia kijana ambaye virusi vyake havigunduliki apewe dawa za miezi mingi kabla ya msimu kuanza, kama utaratibu unavyoruhusu.

Ombi letu kubwa, hata hivyo, halihitaji bajeti. Anayerudi baada ya kupotea apokelewe bila kufokewa. Mwenzetu mmoja alirudi baada ya miezi minne, akaulizwa dirishani kwa sauti, foleni nzima ikisikia, alikuwa wapi na kadi yake iko wapi. Aligeuka akaondoka, na tulipomwona tena alikuwa ameshapata kifua kikuu. Kwa uzoefu wetu, vitisho havijambakiza mtu kwenye dawa. Wengi wetu tulitulia siku tulipoelezwa kwamba anayemeza dawa ipasavyo, na virusi vyake vikaendelea kutogundulika, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kumbe tunaweza kuoa, kuolewa na kuzaa. Habari hiyo wako wanaoitumia dawa mwaka wa tano ambao hawajaisikia.

Kwa upande wetu, waelimishaji rika wa kikundi wako tayari kumfuata kila aliyepitisha tarehe, nyumbani au shambani, kwa siri na bila sare. Tunachokosa ni nauli ya bodaboda, hasa kwa vijiji vya mbali, na muda wa maongezi wa simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.